Inama, bana pua, tazama saa

Damu ya puani huwatia watu hofu kubwa, hasa kiangazi kinapokaza Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Mara nyingi dawa yake ni vidole viwili na dakika kumi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumefundishwa kinyume chake.

Basi lilikuwa limeshapita Makere likielekea Kibondo. Ulikuwa mwezi wa nane, na kipande hicho cha barabara kilikuwa bado hakijawekwa lami. Vioo vilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kila lori tulilopishana nalo lilituachia wingu la vumbi jekundu. Vumbi hilo lilitua kwenye nyusi, kwenye mizigo, na kwenye andazi alilokuwa akila mtoto mmoja mapajani kwa mama yake, viti viwili mbele yangu.

Mtoto huyo, wa miaka kama saba, alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akautazama mkono, akaangua kilio. Damu ilikuwa inamtiririka hadi kidevuni.

Kila abiria akawa daktari. "Mwinue kichwa!" alipaza sauti konda. "Mmwagieni maji utosini!" alisema mwingine. Nyuma yangu mtu alisema ni malaria imempanda kichwani, na mzee mmoja akanong'ona kwamba mtoto amechezewa. Mama wa watu, mikono ikimtetemeka, alikwisha kumlaza mwanawe chali. Mtoto akaanza kukohoa na kumeza, kukohoa na kumeza.

Ndipo alipoinuka bibi mmoja kutoka kiti cha nyuma kabisa, akaja akijishikiza viti hadi alipo mtoto.

"Mwanangu, hebu niazime huyo mjukuu wangu."

"Shikamoo, bibi," alisema yule mama, machozi yakimlenga.

"Marahaba. Usilie, nimekuwa nesi miaka mingi."

Alimkalisha mtoto wima, akamwinamisha kidogo mbele, akaagiza kindoo cha konda kiwekwe chini ya kidevu chake. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada akazibana tundu zote mbili, pale penye nyama laini chini ya mfupa. "Pumulia mdomo, mume wangu," alimwambia, utani wa bibi na mjukuu, na mtoto akatulia. "Damu ikija mdomoni, tema. Usimeze." Halafu akanigeukia. "Wewe mwenye saa, tuhesabie dakika kumi. Usiseme neno mpaka ziishe."

Dakika ya nne mama alitaka kuangalia kama damu imekata. "Bado," alisema bibi bila kulegeza vidole. "Ukichungulia, unaanza upya." Dakika ya kumi alilegeza polepole. Pua ilikuwa kavu, na ndani ya kindoo mlikuwa na damu isiyozidi vijiko viwili vya chakula. Kwa makelele yaliyokuwamo ndani ya basi, ungedhani ni lita nzima.

Tangu siku ile nimeamini kwamba dakika zile kumi zingepaswa kufundishwa kila darasa, kila kijiwe cha bodaboda na kila jiko la Kigoma.

Njia panda ndani ya pua

Kamusi zetu zina neno la hali hii: kutoka muhina. Ni neno zuri ambalo limeanza kusahaulika, na wengi husema tu kutokwa damu puani. Ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani. Wataalamu hukadiria kwamba watu 6 katika kila 10 hutokwa damu puani angalau mara moja maishani, na ni wachache kati yao wanaohitaji tiba ya hospitali. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 10, kisha hurudi kwa watu waliovuka miaka 50.

Sababu ya pua kuvuja damu kwa urahisi ni jinsi ilivyoumbwa. Kwa siku moja mtu mzima hupitisha puani zaidi ya lita 10,000 za hewa, na hewa hiyo lazima ipashwe joto, itiwe unyevu na kuchujwa vumbi kabla ya kufika kwenye mapafu. Kwa kazi hiyo pua imejaaliwa mishipa mingi ya damu iliyo juu juu, chini ya utando mwembamba na laini.

Mishipa hiyo hukutana kwa wingi mahali pamoja: kwenye ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua, upande wa mbele, pale ncha ya kidole inapofika. Anayeijua Nyakanazi ataelewa haraka. Kama vile barabara ya Kibondo, ya Kahama na ya Biharamulo zinavyokutana pale, ndivyo mishipa inayotoka machoni, kwenye kaakaa na kwenye mdomo wa juu inavyokutana hapo. Madaktari hupaita eneo la Little, kwa jina la James Lawrence Little, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyelieleza mwaka 1879, au mtandao wa Kiesselbach, kwa jina la Mjerumani Wilhelm Kiesselbach. Takriban damu 9 kati ya 10 zitokazo puani huanzia hapo.

Na hiyo ndiyo habari njema. Mahali hapo pako mbele, karibu, na vidole vinaweza kupafikia kwa nje. Ukiibana ile nyama laini, unaugandamiza mshipa unaovuja dhidi ya ukuta wa kati, na damu inapata nafasi ya kuganda. Ukibana juu kwenye mfupa, kama wengi wanavyofanya, unabana mfupa tu na damu inaendelea kutoka.

Kwa nini kiangazi

Mkazi wa nyanda za juu za Kigoma anaijua kalenda yake. Mvua hukata mwezi wa tano, na kuanzia wa sita hadi wa tisa hewa hukauka, usiku na alfajiri huwa na baridi, mchana jua huchoma. Nyasi huchomwa mashambani, tanuru za matofali huwaka, magari hutimua vumbi. Utando wa pua unaohitaji unyevu hukauka, hupasuka kama mguu usiopakwa mafuta, na kufanya gaga. Gaga huwasha, na mtoto akiwashwa hupeleka kidole.

Kidole hicho ndicho chanzo cha kwanza cha damu kwa watoto wengi. Wala si utovu wa adabu tu. Mtoto anajaribu kuondoa kitu kinachomkera, na kila akikiondoa anafungua kidonda kilichokuwa kinapona.

Vinafuata mafua na mzio, ambavyo hufanya utando uvimbe na mtu apenge kwa nguvu. Upo moshi wa kuni kwenye majiko yasiyo na dirisha, ambako kina mama na watoto wadogo hukaa kwa saa nyingi wakisubiri maharage yaive. Hali imekuwa hiyo hiyo kwa familia za wakimbizi kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta, ambako watu wengi wamekuwa wakipikia kuni mahali pamoja. Kwa wazee upo ugoro. Mzee anayevuta ugoro kila siku anausugua utando ule ule kwa unga mkali, kisha anashangaa pua yake haikauki damu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wazazi wa Kasulu, nchi ya maharage, inafaa walijue. Mtoto mdogo anaweza kuingiza punje ya haragwe, shanga au kipande cha sponji puani asiseme. Tundu moja tu la pua likitoa usaha wenye harufu mbaya, pengine na damu, usimpe dawa ya mafua. Mpeleke kituo cha afya akaangaliwe, na usijaribu kukitoa kilichoingia kwa kijiti, kwa sababu haragwe likilowa hufura na kijiti hulisukuma ndani zaidi.

Tunapokosea

Nami utotoni nililazwa chali, kama mtoto wa basini. Nilimeza damu hadi nikatapika matapishi meusi, na matapishi yale yakawaogopesha watu wa nyumbani kuliko damu yenyewe. Hakuna aliyenitakia mabaya. Kila mmoja alifanya alichokiona kwa wakubwa wake.

Lakini kichwa kikirudi nyuma, damu haikomi. Inabadili njia tu. Inashuka kooni, inaingia tumboni na kuleta kichefuchefu, na kwa mtoto au mgonjwa aliyedhoofu inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Zaidi ya hayo, hakuna anayejua tena ni kiasi gani kimepotea, kwa kuwa hakionekani.

Maji utosini hayafiki kwenye mshipa unaovuja. Kitambaa cha baridi kwenye paji la uso au shingoni hakina ubaya, mradi mkono mwingine umeibana pua. Majani yaliyosagwa, unga, pamba au karatasi ya chooni vikisukumwa puani hushikamana na kidonda, na vikitolewa damu huanza upya, mbali na kuingiza uchafu. Yule anayesema "iacheni itoke, ni damu chafu" anakosea pia. Damu inayotoka puani ni ile ile inayozunguka mwilini, na mwili unaihitaji.

Kuhusu kurogwa, nasema kwa heshima kwa wazee wangu. Familia inayotafuta aliyemroga mtoto inapoteza saa ambazo zingemfikisha zahanati kama kweli anaumwa, na pengine inampoteza jirani asiye na hatia.

Damu ikikata, kazi haijaisha. Kidonda ndani ya pua kinahitaji siku kadhaa kupona. Asipenge kwa nguvu, asichokonoe, asibebe ndoo ya maji wala kukimbia siku hiyo, na chai ya moto sana isubiri hadi kesho. Akipiga chafya, afungue mdomo. Damu isipokata kwa dakika kumi, bana tena dakika kumi nyingine bila kuachia. Ikivuka dakika 20 hadi 30, safari ya kituo cha afya ianze, huku pua ikiendelea kubanwa njiani.

Pua ikiwa mjumbe tu

Nimesema mara nyingi ni jambo dogo. Sikusema daima, na wajibu wangu kwa msomaji ni kueleza tofauti.

Kati ya mwaka 2008 na 2010, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walifuatilia wagonjwa 104 waliofikishwa kwao wakitokwa damu puani. Walioumia, kwa ajali au kupigwa, walikuwa asilimia 30.8. Asilimia 26.9 chanzo chao hakikujulikana, na asilimia 17.3 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Karibu 9 kati ya 10 walikuwa wanavuja sehemu ya mbele ya pua, na asilimia 40.4 walihitaji kuangaliwa tu bila tiba kubwa. Lakini watano walifariki. Hao 104 walikuwa wagonjwa waliozidiwa hadi kufika hospitali ya rufaa, hivyo tusiwalinganishe na mtoto wa basini. Wanatukumbusha tu kwamba nyuma ya damu ya pua panaweza kuwa na jambo kubwa.

Kwa mtu mzima, la kwanza kupimwa ni presha. Wataalamu bado wanajadiliana kama presha peke yake huanzisha damu ya pua, ila wanakubaliana kwamba damu ikianza kwa mwenye presha ya juu, kuizuia ni vigumu zaidi. Wapo watu wengi wanaogundua presha yao siku pua ilipowaangusha. Anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda amweleze mhudumu mapema, wala asiache dawa hizo kwa uamuzi wake.

Malaria nayo isitajwe ovyo wala isidharauliwe. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo, asilimia 24. Malaria kali inaweza kupunguza chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na damu puani apimwe siku hiyo hiyo. Asiye na homa, anayecheza na kula vizuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba kinachomsumbua ni ukavu na kidole.

Yapo na magonjwa ya mlipuko. Julai 2022, wananchi wa Ruangwa mkoani Lindi walianza kufika kwenye zahanati ya Mbekenyera wakiwa na homa, kuumwa kichwa, uchovu mkubwa na damu puani. Nchi nzima ilishtuka kwa sababu ya ile damu. Vipimo vya Ebola na Marburg vilionyesha kwamba hawana, na Julai 18 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walikuwa wamefariki. Ni ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na kumpata mtu kupitia maji au tope lililochafuliwa. Unatibika kwa antibiotiki ukiwahiwa. Mkulima wa mabondeni anayeingia tope pekupeku akiwa na mchubuko mguuni ana sababu ya kulikumbuka jina hilo, na kutafuta buti.

Marburg nayo imepita jirani yetu. Ilitangazwa Kagera mwezi Machi 2023, kisha Januari 20, 2025 wilayani Biharamulo, na mlipuko huo wa pili ukatangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo. Kwa magonjwa ya namna hiyo, damu ya pua haiji peke yake. Hutanguliwa na homa kali, kuumwa mwili, kutapika na kuharisha, na mara nyingi mgonjwa alikutana na mgonjwa mwingine au alihudhuria maziko. Ukiona hali hiyo, usimshike mgonjwa kwa mikono mitupu. Toa taarifa kituo cha afya au piga 199 bila malipo.

Kwa ufupi, mpeleke mgonjwa hospitali bila kusubiri ikiwa:

– damu inaendelea baada ya nusu saa ya kubana pua sawasawa, au inamwagika kwa wingi na kushuka kooni;
– ameanguka, amepata ajali ya pikipiki au amepigwa kichwani;
– ana homa, kizunguzungu, ngozi imepauka au anapumua kwa shida;
– anavuja pia kwenye fizi, ana madoa ya damu chini ya ngozi, au anapata choo cheusi;
– ni mtoto chini ya miaka miwili;
– damu inarudi mara kwa mara, hasa tundu moja tu. Kijana wa kiume ambaye pua yake imeziba upande mmoja na kutoa damu tena na tena anahitaji kuonwa na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, kwa kuwa upo uvimbe wa pua unaowapata vijana wa umri wake.

Ukifika hospitali

Watu wengine huchelewa kwa kuogopa wasichokijua. Basi wajue. Mhudumu atapima presha na mapigo ya moyo, ataangalia wingi wa damu, kisha ataibana pua tena, safari hii kwa usahihi. Anaweza kuweka gozi iliyoloweshwa dawa ya ganzi na ya kubana mishipa. Akiuona mshipa wenyewe, anaweza kuuchoma kidogo kwa nitreti ya fedha, dawa iliyo kwenye ncha ya kijiti. Hazichomwi pande zote mbili za ukuta siku moja, ili ukuta usije ukatoboka.

Ikishindikana, pua hujazwa gozi iliyopakwa dawa au sponji maalumu, na kwa kawaida huachwa kwa siku moja hadi mbili. Inakera, lakini inaokoa. Damu ikitoka nyuma kabisa, ambako vidole havifiki, wapo madaktari wanaotumia mpira ule ule wa kutolea mkojo: huupitisha puani, hujaza maji kiputo chake huko nyuma na kukivuta kizibe. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa. Hospitali ya wilaya Kibondo au Kabanga kule Kasulu ni mahali pa kuanzia. Atakayehitaji zaidi huandikiwa rufaa ya Maweni mjini Kigoma, au mbali zaidi. Nenda na mtu anayeweza kuchangia damu.

Kinga ni ya bei nafuu

Mafuta ya mgando, yale yale yaliyo kwenye kila duka la mtaani, yapakwe kidogo sana kwa ncha ya kidole kisafi mlangoni mwa pua, asubuhi na usiku, miezi yote ya kiangazi. Maji ya chumvi hutengenezwa nyumbani: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, matone machache kila tundu. Kucha za watoto zikatwe kila wiki. Wanywe maji hata kukiwa na baridi. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji kabla ya kufagia. Jiko lipate dirisha. Safarini, upande wa kitenge ufunike pua. Na kila aliyevuka miaka 40 apime presha, pua iwe inavuja au la.

Kwa shule, ombi langu ni dogo. Mwalimu wa zamu akiijua kazi hii, na saa ikawapo ukutani, mtoto anayevuja damu mstarini hatachekwa wala hatakimbiwa. Atakalishwa, atainamishwa, na wenzake watahesabu dakika pamoja naye. Watakwenda nyumbani wakiwa wamejifunza kitu ambacho wazazi wao hawakufundishwa.

Tulifika stendi ya Kibondo mchana. Mtoto alikuwa amelala, pua ina alama kavu ya damu, na kitenge cha mama yake kilikuwa na madoa ambayo maji ya baridi na sabuni yangeyatoa. Bibi alishuka na kikapu chake. Konda, aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele za kuinua kichwa, alimfuata hadi chini ya mwembe.

"Bibi, samahani. Nilikosea pale. Ni hapa, au hapa juu?" Alikuwa ameishika pua yake mwenyewe.

Bibi aliweka kikapu chini, akamshika mkono, akavishusha vidole vyake kidogo mpaka vikatoka kwenye mfupa.

"Hapo," alisema. "Sasa inama. Na hesabu."